Mgongo wa Mama Umepata Mgeni

Tangu majirani wajue kwamba nakusanya vitabu vya watoto, swali hili limenifuata kila mahali. Nimeulizwa kliniki, nimeulizwa kwenye daladala, na mara moja nimeulizwa msibani, kwa sauti ya chini, wakati wali unapakuliwa: "Mkubwa wangu anamfinya mdogo wake. Nimsomee kitabu gani ampende?"

Anayeuliza huwa amebeba mtoto mchanga ambaye hajafikisha arobaini. Pembeni yuko kifungua mimba wa miaka mitatu au minne. Alikwisha kuzoea kwenda chooni mwenyewe, sasa ameanza upya kukojoa kitandani. Anataka kulishwa kwa mkono. Juzi alimwambia bibi yake kwamba huyu mtoto arudishwe hospitali alikotoka. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, ila mama hakucheka.

Jibu langu la kwanza halimfurahishi mtu. Kitabu cha kumfanya mtoto ampende mdogo wake hakipo, na vinavyojaribu kazi hiyo ndivyo vibaya kuliko vyote. Unavijua: ukurasa wa kwanza kaka amekunja uso, katikati mama anamkanya, ukurasa wa mwisho kaka amempakata mdogo wake anatabasamu. Mtoto wa miaka minne si mjinga. Anajua kabisa kwamba kitabu hicho kimetumwa na mama.

Vitabu vizuri kuhusu ndugu vina kazi nyingine, ndogo zaidi na ngumu zaidi. Vinamwambia aliyehamishwa kwamba kuna mtu aliyemwona akihamishwa.

Kuhamishwa

Neno hilo silitumii kwa mapambo. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto mchanga hachukui chumba, anachukua ubavu. Ile nafasi ndani ya chandarua, upande wa kifua cha mama, inakuwa yake. Mkubwa anapelekwa kulala kwa bibi, au miguuni, au kwenye godoro la chini pamoja na dada. Kanga iliyokuwa ikimfunga yeye mgongoni sasa inamfunga mwingine, na harufu ni ileile. Kama alikuwa bado ananyonya, ziwa nalo limekwenda. Kisha wageni wanamiminika na zawadi zisizo zake, kila mmoja anainama na kumwuliza, "Umefurahi kupata mdogo?"

Wapo waliolipa jambo hili jina. Daktari Cicely Williams alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana, alikuta watoto waliovimba miguu na matumbo, nywele zimebadilika rangi. Waga, watu wa pwani ya huko, walikuwa na neno lao la ugonjwa huo, naye mwaka 1935 akalitumia katika maandishi ya kitabibu: kwashiorkor. Sisi tulilipokea tukalifanya kwashakoo. Wengi wetu tunalijua kama neno la bango la kliniki, kumbe maana yake kwa Waga ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake pindi mwingine anapozaliwa. Daktari alikuwa akiangalia chakula: mtoto ameachishwa ziwa, amebaki na uji mtupu. Lakini neno lenyewe lilikuwa limeona zaidi ya uji.

Na wivu wa ndugu si ugonjwa wa watoto wa siku hizi, kama nilivyomsikia mzee mmoja akidai. Msomaji wa Qurani na msomaji wa Biblia wote wanamjua Yusufu, aliyetupwa kisimani na kaka zake kwa sababu waliona baba anampenda kuwazidi. Kaka wale walikuwa watu wenye akili zao timamu na miguu ya kutembea safari. Mtoto wa miaka mitatu anayefinya amejizuia sana.

Kitabu cha picha si kitabu chenye picha

Kabla ya kwenda rafuni, tuelewane juu ya jina. Kitabu chenye picha ni kile ambacho maneno yanabeba hadithi yote na picha zinapamba. Kitabu cha picha ni kile ambacho hadithi imegawanywa: sehemu iko kwenye maneno, sehemu iko kwenye michoro, na huwezi kuelewa moja bila nyingine. Jaribio lake ni jepesi. Funika picha kwa kiganja, soma maneno. Kama hujapoteza kitu, hicho ni kitabu chenye picha.

Vingi vina kurasa 32. Chanzo ni kiwanda cha uchapaji: karatasi kubwa hukunjwa na kukatwa ikatoa kurasa 16, na mikunjo miwili kama hiyo inatosha kwa kitabu cha mtoto. Ukiondoa kurasa za jina na taarifa za mchapishaji, mwandishi anabakiwa na nafasi finyu mno. Hawezi kueleza kila kitu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mtoto mwenye wivu naye hawezi kueleza kila kitu. Maneno ya kitabu yanaweza kusema "alikaa kimya" huku mchoro ukionyesha ngumi iliyokunjwa chini ya meza, na mtoto asiyejua kusoma ndiye atakayeiona ngumi hiyo kabla yako.

Kiti cha Peter

Ninachokitoa kwanza rafuni ni *Peter's Chair* cha Ezra Jack Keats, kilichotoka Marekani mwaka 1967. Keats alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Mwaka 1962 alitoa *The Snowy Day*, ambamo mtoto mweusi aitwaye Peter anatoka kucheza kwenye theluji. Wakati ule ilikuwa nadra sana mtoto mweusi kuwa mhusika mkuu wa kitabu cha picha nchini humo. Mwaka uliofuata kilipewa Medali ya Caldecott, tuzo kubwa kabisa ya Marekani kwa wachoraji wa vitabu vya watoto. Miaka mitano baada ya theluji ile, Peter amekua kidogo, na nyumbani kuna mtoto mwingine, Susie.

Hadithi inaanza na kishindo. Peter amejenga mnara mrefu wa vipande vya mbao, mnara unaanguka, mama anamwambia acheze taratibu kwa sababu kuna mtoto mchanga. Anachungulia: kitanda chake cha kubembea cha zamani kimepakwa rangi ya pinki. Kiti chake kirefu cha kulia chakula, baba anakipaka pinki. Kilichobaki ni kiti kimoja kidogo cha bluu ambacho bado hakijaguswa na brashi. Peter anakinyakua, anamwita mbwa wake Willie, na wanaondoka nyumbani.

Tazama alichofungasha. Biskuti zake, biskuti za mbwa, mamba wa kuchezea, na picha yake mwenyewe alipokuwa mchanga. Keats haelezi kwa nini picha. Mimi huwaza mtu mwenye mgogoro wa kiwanja anayetembea na hati mfukoni.

Na anakwenda wapi? Nje ya nyumba, basi. Waandishi wa Kiingereza husema Peter anatoroka, lakini Kiswahili kina neno linalomkaa sawasawa: Peter amesusa. Anayetoroka hataki kuonekana. Anayesusa anataka aonekane kwamba hayupo. Ndiyo maana mtoto wetu anayesusa chakula hakimbilii mtaa wa pili, huenda kukaa barazani, pale ambapo sahani anaiona na yeye anaonekana. Tena tuna jibu letu la haraka: ukisusa, wenzio twala. Kwa mtoto aliyeshiba mapenzi huo ni utani mzuri na hurudi mezani mbio. Kwa aliyehamishwa wiki iliyopita ni taarifa ya habari, kwa sababu kweli kuna mwenzie anayekula, tena kifuani.

Mama yake Peter hasemi hivyo. Anatokea dirishani na kumwita arudi, kuna chakula kizuri. Kabla ya hapo, lakini, kuna jambo limekwisha kutokea. Peter ameamua kukalia kiti chake, na hatoshi. Amekuwa mkubwa. Hakuna aliyemwambia, amejua kwa makalio yake.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nikipende kitabu hiki kuliko vingine vyote. Ndani ya nyumba, mama anaona viatu vya Peter vimechungulia chini ya pazia, anadhani amejificha hapo, anakwenda kufunua pazia. Kumbe ni viatu vitupu. Peter anachomoka kutoka upande mwingine. Aliyepoteza nafasi yake amepata ushindi mdogo juu ya mama, na wote wanacheka. Baada ya ushindi huo, sio kabla, ndipo anapoketi mezani kwenye kiti cha watu wazima kando ya baba na kupendekeza mwenyewe: kile kiti kidogo tukipake rangi kwa ajili ya Susie.

Michoro ni ya kolaji, yaani picha zinazotengenezwa kwa kukata na kubandika vipande vya karatasi na vitambaa, na Keats alitumia hata karatasi zenye maua za kubandika ukutani. Nyumba yote inaonekana kama imeungwa kwa viraka.

*Kwa ufupi, kitabu kizuri cha wivu wa ndugu huwa na mambo haya:*

- Kinataja kitu halisi kilichopotea: kiti, kitanda, mgongo.
- Kinamruhusu mtoto asuse mpaka mwisho wa kususa kwake.
- Mabadiliko yanatoka kwake, hayatoki kwenye mdomo wa mtu mzima.

Wengine walioko rafuni

Miaka mitatu kabla ya kiti cha Peter, Russell Hoban aliandika *A Baby Sister for Frances*, michoro ikiwa ya Lillian Hoban. Frances ni melesi mdogo, mnyama wa jamii ya nyegere, na malalamiko yake ni ya kiutawala: nguo aliyoitaka haijapigwa pasi, zabibu kavu za kuweka kwenye uji zimekwisha kwa sababu mama hakupata muda wa kwenda dukani. Anafungasha na kuhamia chini ya meza ya chakula. Wazazi wanakaa jirani na meza na kuzungumza kwa sauti ya kusikika kuhusu jinsi nyumba ilivyopooza bila yeye. Kwa lugha yetu wanambembeleza bila kumwinamia, na heshima yake inabaki nzima.

Lilly wa Kevin Henkes, katika *Julius, the Baby of the World* cha mwaka 1990, ni panya mwenye mdomo mchafu. Anamchukia mdogo wake kurasa kwa kurasa, na kuna wazazi waliokirudisha kitabu hiki kwangu wakisema kinafundisha matusi. Sikubaliani nao. Siku ya sherehe, binamu Garland anamkashifu yule mtoto, na Lilly anawaka moto kumtetea. Kila mwenye ndugu anaijua hesabu hiyo: mimi naruhusiwa, wewe huruhusiwi. Mwandishi asingeweza kutufikisha pale bila matusi ya mwanzo.

Kwa waliokwisha kuvuka wivu wa kuzaliwa kuna *Dogger* cha Shirley Hughes wa Uingereza, cha mwaka 1977. Dave amepoteza mbwa wake wa kitambaa, halafu anamkuta akiuzwa kwenye gulio la shule, na hela hana za kutosha. Mtoto mwingine anamnunua. Dada yake Bella, aliyetoka kujishindia dubu mkubwa wa zawadi, anamtoa dubu huyo ili mbwa arudi. Usiku Dave anauliza kama hatamkumbuka dubu wake. Bella anasema hakumpenda sana, tena yeye hulala na madubu saba, huyu angelala wapi? Uongo mtamu kama huo ni dada tu anayeujua kuusema.

Ndugu ni nani?

Vitabu hivyo vyote vina baba, mama, watoto wawili au watatu na vyumba vya kulala. Kiswahili kina neno pana zaidi. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu, wa baba mkubwa ni ndugu, na yule aliyeletwa kutoka kijijini aje kusoma mjini, siku ya tatu anaitwa ndugu.

Ndiyo maana katika kusoma kwangu, kitabu kinachoshika haraka masikio ya watoto wa hapa ni *Stevie* cha John Steptoe. Steptoe alikuwa kijana mweusi wa Brooklyn, na mwaka 1969 kitabu chake kilipotoka alikuwa hajafikisha miaka 20. Robert hana ndugu. Mama yake anaanza kumlea Stevie, mtoto mdogo ambaye mama yake anafanya kazi wiki nzima. Stevie anavunja vitu, anapanda kitandani na viatu, anamfuata Robert kila aendako. Kisha siku moja wazazi wa Stevie wanahama naye, na Robert anabaki akihesabu mambo waliyokuwa wakifanya pamoja. Kila nyumba yenye mtoto wa shangazi aliyekaa miaka miwili akarudi kwao inaijua sebule hiyo.

Steptoe huyohuyo aliandika *Mufaro's Beautiful Daughters* mwaka 1987, hadithi ya dada wawili, Manyara na Nyasha, yenye mandhari yaliyotokana na magofu ya Zimbabwe Kuu. Michoro yake inastaajabisha. Lakini hadithi inafuata njia ya ngano zetu za "paukwa, pakawa": dada mmoja mbaya, mmoja mwema, mwema anashinda. Ngano hufanya kazi ya hakimu, na nazipenda kwa hilo. Mtoto aliyemfinya mdogo wake asubuhi, hata hivyo, atajikuta amekaa upande wa Manyara, na hakuna njia ya kurudi. Kitabu cha picha kama cha Peter kinaweka ubaya na wema ndani ya mtoto mmoja, tena kabla ya chakula cha mchana.

Kwa Kiswahili, mahali pepesi pa kuanzia ni African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini unaoweka hadithi za picha kwenye intaneti bure kwa lugha nyingi za Afrika. Humo yumo Vusi wa Nina Orange. Ametumwa kupeleka yai kwa ajili ya keki ya harusi ya dada yake. Yai linavunjika, anapewa kitu kingine badala yake, nacho kinapotea, na anafika harusini bila keki wala zawadi. Dada anamwambia kwamba hashughulishwi na zawadi. Anafurahi kwa kuwa wote wako pamoja. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kufika shuleni, kwa hiyo ulizia maktaba ya shule iliyo karibu kabla ya kutumia fedha.

Kuna kitabu kimoja ninachokitafuta bado. Ndani yake yumo msichana wa miaka minane, mdogo wake kamfunga mgongoni, amesimama pembeni ya uwanja akiangalia wenzake wakicheza rede. Anampenda mdogo wake. Pia anatamani mgongo wake. Vitabu vya Ulaya na Marekani humtaka mtoto mkubwa ampende mdogo. Nyumba zetu humtaka amlee, na hiyo ni hasira ya aina nyingine. Mchoraji anayesoma ukurasa huu anaruhusiwa kuliiba wazo.

Kusoma kwenyewe

Kuhusu namna ya kusoma nina machache.

- Anza tumbo likiwa bado kubwa, na kitabu cha ndugu kiwe kimoja kati ya vingi. Kikitokea siku ambayo mtoto mchanga ametokea, kitaonekana ni wakili wake.
- Tafuta dakika kumi ambazo mapaja yako ni ya mkubwa peke yake. Mchanga ashikwe na mwingine.
- Usimalize kwa "tumejifunza nini?" Hapo umekigeuza kuwa mtihani.
- Akikuambia Lilly ana haki, mwache Lilly awe na haki.

Kitabu cha Kiingereza kisikutishe. Tazama picha, elewa tukio, kisha lisimulie kama linavyotokea kwenu. Peter aitwe Petro ukitaka, na mama dirishani aseme, "Njoo mwanangu, chakula kinapoa."

Neno moja zaidi kutoka kwa watu waliokaa na familia kuangalia. Mwanasaikolojia Judy Dunn na mwenzake Carol Kendrick walifuatilia familia 40 huko Cambridge, Uingereza, ambazo mtoto wa pili alikuwa anazaliwa, na mwaka 1982 wakatoa kitabu juu ya utafiti huo. Waliona kwamba pale mama alipozungumza na mkubwa kuhusu mchanga kama mtu, mwenye anachotaka na anachohisi, ndugu hao walielekea kuwa marafiki zaidi baadaye. Yaani si "mpende mdogo wako," ni "unadhani analia nini?" Swali hilo linaingia vizuri sana kwenye kitabu cha picha, kwa sababu mchoro wa mtoto anayelia unasubiri mtu aseme analia nini.

Na kama kitabu hakipatikani, chukua karatasi nne za kawaida, zikunje katikati, zibane kwa pini. Una kurasa 16. Mwache mkubwa achore nyumba kabla ya mchanga kuja na nyumba baada ya kuja. Wewe andika anachokwambia, bila kusahihisha. Dada yangu alifanya hivyo na mwanawe wa miaka minne. Katika mchoro wa pili mtoto mchanga alikuwa nje ya chandarua, na mbu wamechorwa kwa uangalifu mkubwa.

Mpwa wangu huyo ndiye niliyemsomea kiti cha Peter mara tatu jioni moja. Hakusema kitu. Kesho yake, baada ya mdogo wake kuogeshwa na maji kumwagwa, akaingia na nguo zake kwenye beseni. Lilikuwa lake zamani. Magoti yalimfika kidevuni, na kiuno kikakwama, akakaa hivyo kwa muda akitazama ukuta. Kisha akajinasua, akaligeuza beseni chini juu, akalipiga kama ngoma mpaka mtoto akaamka.